Maji hayapati moto? Angalia hivi mbele ya kuita fundi

Mwezi wa sita umefika na baridi yake. Hapa kwetu Lubumbashi asubuhi tunaona watoto wanakwenda shuleni mikono katika mifuko, na kila nyumba inatafuta maji ya moto. Kwa hiyo juma hili nataka kuwaelezea jambo lililotupata sisi mwaka jana.

Tuko na tanki ndogo ya umeme ya kupasha maji, ya litre 50, pale juu ya dushe. Siku tatu mfululizo maji yalitoka vuguvugu tu. Nikaita fundi. Alitazama dakika tano, akasema rezistansi imekufa, tununue ingine. Mshahara ulikuwa haujatoka. Basi tukarudilia mbabula. Jioni ya pili, maji yalipokwisha kupata moto, nikaona makala bado mekundu. Nikasema ni hasara kuyazima. Nikaingiza mbabula katika chumba cha watoto ipashe hewa, nikafunga mlango na dirisha.

Mama mkwe wangu ndiye aliyepita kuwaaga. Alikuta mkubwa anashika kichwa, mdogo anatapika. Akapiga kelele: «Mama mwalimu, unataka kuua hawa watoto?» Tuliwatoa inje mbio, kiisha tukawapeleka kwa daktari. Walipona. Lakini mimi usiku ule sikulala.

Makala yanapowaka yanatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haionekani kama moshi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na usingizi mzito. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Mbabula haiingii chumba cha kulala hata kidogo, hata makala yakiwa karibu kuzimika.

Na ile rezistansi? Haikuwa imekufa! Kijana wa jirani aliyesoma umeme alikuja na kipimo chake. Badala ya volti 220, umeme ulikuwa 160. Akanielezea hesabu, na mimi mwalimu nikaona haya kwamba sikuifikiria. Umeme ukishuka hivyo, nguvu ya rezistansi inabaki karibu nusu. Tanki kama yetu, ya wati 1500, inahitaji saa moja na nusu hivi ili kutoa maji kwenye digrii 20 na kuyafikisha 60. Kwa volti 160 inahitaji karibu saa tatu. Sisi tulikuwa tunaiwasha saa moja tu mbele ya kuoga. Tangu siku ile tunaiwasha usiku sana, watu wakiisha kupika na umeme ukirudia nguvu. Rezistansi ni ile ile mpaka leo.

Basi, mama, maji yakikataa kupata moto, fuata hatua hizi:

1. Fungua robine ya maji ya moto. Kama hakuna kitu kinachotoka, tanki inaweza kuwa tupu: zima umeme wake palepale. Rezistansi ikiwaka bila maji inaungua. Maji yakikatika katika kartiye, usiiwashe mpaka yarudi na robine itoe maji bila kukatakata.

2. Angalia dijonkteri. Kama imeshuka, ipandishe mara moja tu. Ikishuka tena, acha, ita fundi.

3. Angalia taa za nyumba. Kama zinawaka hafifu, umeme ni mdogo. Ongeza muda.

4. Kama umeme ni mzuri na muda umetosha, uliza fundi aangalie termosta kwanza, na apime rezistansi na kipimo mbele yako. Termosta nyingi ziko na kifungo cha usalama kinachokata umeme maji yakipita kiasi cha moto. Fundi akizima umeme na kukibonyeza, pengine kazi imekwisha. Lakini kikiruka tena, kuna ubovu wa kutafuta.

5. Ukisikia tanki inanguruma kama sufuria inayochemka, ni chokaa ya maji imeshika rezistansi. Isafishwe, haihitaji kutupwa.

6. Robine ya usalama ikidondosha maji wakati tanki inapasha, usiogope. Maji yakipata moto yanaongezeka, lazima yatoke kidogo. Usiizibe hata siku moja, kwani tanki inaweza kupasuka. Ikidondosha mchana na usiku, hapo ndipo ita fundi.

7. Ukigusa robine na kusikia umeme unakupiga, zima dijonkteri, na mtu asioge mpaka itengenezwe.

Jambo moja la mwisho. Maji ya digrii 60 yanaunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache. Katika beseni weka maji baridi kwanza, kiisha ya moto, na uyapime kwa kiwiko chako.

Fundi mwema hakasirike mama akimuuliza: «Umepima volti ngapi?» Tuulize. Na jioni, mbele ya kufunga milango, tuhesabu watoto, na tuhesabu pia mbabula: watoto ndani, mbabula inje.