Mcheza kwao hutunzwa, lakini na nani?



Ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, hugeuka kuwa kama soko. Wasafiri wanaokwenda nyumbani kula sikukuu husimama na mizigo inayowazidi kimo. Ukiwaomba wafungue mabegi utakuta nguo za watoto, viatu, spika ya muziki, biskuti, na kwa baadhi yao hata mfuko wa mchele. Mchele huo hupandishwa basi, ukapita Morogoro, Iringa na Mbeya, ukasafiri zaidi ya kilomita 900, kisha ukateremshwa Tunduma, katika Mkoa wa Songwe, ambako bonde la Kamsamba wilayani Momba hulima mpunga. Mtu ametoka mjini kumpelekea mchele mkulima wa mpunga!

Sisemi haya kwa kumcheka msafiri huyo. Nami nimewahi kuwa yeye. Kila mmoja wetu anapenda kufika nyumbani akionekana ametoka mbali. Lakini wahenga walituachia usemi kwamba mcheza kwao hutunzwa. Leo nataka tuuchukue usemi huo kama swali: mcheza kwao hutunzwa na nani, ikiwa fedha yote ya sikukuu imekwisha kutumika kabla basi halijaondoka Mbezi?

Nimechagua mfano wa Tunduma kwa makusudi, maana huko ndiko swali hili lilipo gumu zaidi. Tunduma ni mji wa mpakani. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo, reli ya TAZARA inapita hapo, na ng'ambo ya mpaka upo mji wa Nakonde. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya, makao makuu yalikwenda Vwawa, lakini pilikapilika za biashara zilibaki Tunduma. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mji huo una watu zaidi ya 200,000. Oktoba 2019 marais wa nchi hizi mbili, Hayati John Magufuli na Hayati Edgar Lungu, walifungua rasmi kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili.

Sasa, katika mji kama huo, ukisimama na kipaza sauti ukatangaza kwamba kila mtu anunue vya kwao tu, umeua mji. Tunduma inaishi kwa mnunuzi wa ng'ambo. Anakuja Mzambia na kwacha yake, anakuja Mkongo aliyesafiri kupitia Zambia, anakuja dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni. Wanyamwanga wenyewe wako pande zote mbili za mpaka. Shangazi yuko Nakonde, mjomba yuko Tunduma. Nani hapo ni mgeni? Basi wito wa kuwaunga mkono wafanyabiashara wa mji mdogo hauwezi kuwa wito wa kuchora mstari na kumkataa jirani.

Hapana budi tutafute kipimo kingine. Mimi napendekeza hiki: tusiulize duka liko upande gani wa mpaka, tuulize ni kiasi gani cha shilingi yangu kinalipa mkono wa mtu aliyeko katika mji huu.

Tuchukue gauni la mtoto la shilingi 30,000. Hesabu hii ni ya mfano tu. Ukilinunua Kariakoo ukalibeba ndani ya begi, Tunduma haikupata hata senti. Ukinunua gauni lilelile, lililoshonwa kiwandani huko mbali, katika duka la Tunduma, mwenye duka atabaki na faida ya kama shilingi 6,000, na zilizobaki zitarudi kwa aliyemuuzia kwa jumla. Lakini ukinunua kitenge sokoni ukampelekea fundi cherehani, muuza kitenge atapata faida yake, tuseme 2,000, na fundi atapata 14,000 za kazi ya mikono yake. Hapo shilingi 16,000 zimelala mjini. Na zikilala hazilali bure. Fundi atakula kwa mama lishe, mama lishe atanunua mkaa na mchicha, muuza mchicha atamlipa bodaboda. Fedha ileile itakuwa imefanya kazi mara nne kabla ya Mwaka Mpya.

Wako watakaosema: duka la mtaani lina bei ya juu. Ni kweli, aghalabu ni ya juu. Mwenye duka dogo hanunui kontena. Ananunua katoni mbili, na nauli ya katoni mbili ni ghali. Lakini tukumbuke duka hilo lina kitu ambacho Kariakoo haina, nacho ni daftari. Mkulima wa Mbozi au Momba huanza kupanda mvua zinaposhika, Novemba na Desemba. Januari sare za shule na madaftari vinamsubiri, mbolea inamsubiri, na mahindi mapya bado yako mbali. Miezi hiyo ndipo mama anapomtuma mtoto dukani achukue sukari na sabuni, naye mwenye duka huandika. Ni nani anayelipia subira hiyo? Ni fedha taslimu ya Desemba. Duka linalokopesha Februari ndilo linalohitaji mauzo ya Krismasi. Tukilikimbia Desemba, tusishangae Februari tukikuta rafu tupu.

Kuna jambo la pili lisiloonekana. Biashara zenye leseni hulipa ushuru wa huduma kwa halmashauri ya mahali zilipo. Na kwa utaratibu wa sheria, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kasoro kugundulika, ikarejeshwa mwaka 2024. Kwa hiyo risiti unayopewa Vwawa au Mlowo ina safari ndefu kuliko unavyodhani. Huenda ikarudi ikiwa cherehani ya binti wa jirani yako.

Nije kwenye muziki, maana hapo ndipo tunapokosea zaidi.

Muziki ni bidhaa ambayo karibu thamani yake yote huzaliwa mahali unapopigwa. Kitenge kimetoka nje, sukari imetoka nje, lakini sauti ya kwaya ya Mbozi imetoka Mbozi. Nyanda hizo ni ngome ya kwaya. Wamoravian wameweka mizizi huko tangu enzi za Wajerumani, na Krismasi bila kwaya si Krismasi. Wapo wapiga matarumbeta wanaosindikiza harusi, wapo wapiga ngoma za jadi wa Kinyiha na Kinyamwanga, na wapo vijana wanaorekodi nyimbo zao katika vyumba vya kupanga vilivyozibwa kwa magodoro ili kelele za barabarani zisiingie. Hao wote, ikifika sikukuu, huitwa watumbuize. Mpishi atalipwa, mwenye maturubai atalipwa, mwenye viti atalipwa. Mwimbaji ataambiwa: Mungu akubariki, kula ushibe.

Haikuwa hivyo siku zote. Wazee wanakumbuka kwamba Morogoro, mji mdogo kuliko Dar es Salaam, ulilea bendi mbili zilizotikisa Afrika Mashariki: Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda kupiga kwenye maonyesho ya dunia huko Osaka, Japani. Bendi hizo hazikulelewa na hotuba. Zililelewa na watu wa Morogoro waliolipa kiingilio mlangoni, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Majirani zetu wa Zambia nao wana funzo. Miaka ya 1970 Rais Kenneth Kaunda aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Kizambia. Bendi zikachipuka kwa wingi. Lakini uchumi wa shaba ulipoyumba na mifuko ya watu ikatoboka, nyingi zilikufa, ingawa agizo lilikuwa limezipa nafasi hewani. Maana yake ni kwamba redio inaweza kumfanya msanii asikike, na bado akalala njaa. Nasema hivyo nikiwa mtu wa redio. Kinachomlisha ni mfuko wa msikilizaji.

Siku hizi msikilizaji wa mji mdogo hupataje wimbo? Huenda kwenye kibanda chenye kompyuta, akatoa flashi, akajaziwa nyimbo mia mbili kwa shilingi elfu moja au mbili. Mwenye kibanda amepata, mwenye umeme amepata, mtunzi hakupata kitu. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inasema anayepiga muziki hadharani kwa ajili ya biashara yake, iwe baa, hoteli au basi, anapaswa kuwa na kibali na kulipia, ili mtunzi apate mirabaha. Januari 2022 iligawiwa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wanamuziki. Ni mwanzo mwema, lakini fedha hizo humfikia aliyesajili kazi zake. Kijana wa Tunduma asiyesajili wimbo wake amelima shamba bila kuweka mpaka.

Kwa hiyo njia ya haraka ya kumtunza ni ileile ya zamani, mlangoni. Watu 200 wakilipa kiingilio cha shilingi 3,000 katika ukumbi wa mji mdogo, ni shilingi 600,000. Usiku mmoja, na karibu zote zinabaki mjini: kwa wapigaji, kwa mwenye ukumbi, kwa mlinzi, kwa muuza mishikaki aliye nje.

Lakini sitawatendea haki wasomaji nikiwalaumu wanunuzi peke yao. Ndugu zangu mafundi, wateja wanawakimbia pia kwa sababu ya ahadi. Fundi mmoja, jina lake namwachia Mungu, aliniahidi suruali ya Krismasi nikaipata tarehe 28, na mguu mmoja ulikuwa mfupi. Msanii anayetangaza onyesho saa mbili usiku akapanda jukwaani saa sita, kesho asilalamike ukumbi ukiwa mtupu. Hatuombi watu wanunue kwa huruma. Huruma hununua mara moja. Kazi nzuri humrudisha mteja.

Mwisho, kwa nini haya ni muhimu zaidi kwa Tunduma? Kwa sababu mpaka ukipiga chafya, mji huugua. Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa. Malori yakasimama, na aliyekuwa akiishi kwa mnunuzi wa ng'ambo akakaa akitazama barabara. Mji ambao kila riziki yake inapita getini hauna mto wa kulalia siku geti linapofungwa. Mafundi wake, wasanii wake na maduka yake ya mtaani ndio mto wenyewe, na mto hujazwa siku za neema.

Basi wewe unayefunga begi, nakuomba mambo matatu mepesi. Acha nafasi nusu, na fedha ya nusu hiyo ukaitumie huko uendako. Tuma vipimo vya watoto kwa fundi sasa hivi, usingoje mkesha. Na kwaya au bendi ya nyumbani ikimaliza kuimba, usipige makofi tu. Inuka, nenda mbele, ukatunze.

Nawatakia heri ya sikukuu.