Figo za mtoto huomba msaada kwa saa zake

Tuseme ni alfajiri mtaani Kiembeni, Mombasa. Mikokoteni ya maji imeanza kupita vichochoroni, na mtoto wa miaka minne ameamka macho yamevimba, hayafunguki vizuri. Mama anadhani ni mbu, au vumbi, au aleji. Anapita kwa kemisti, anauziwa dawa ya matone. Kufikia magharibi uso umetulia, naye anamshukuru Mungu. Asubuhi ya pili uvimbe umerudi, na safari hii hata viatu vinambana mtoto.

Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi chanzo chake ni figo. Binadamu ana figo mbili, kila moja kubwa kama ngumi yake mwenyewe, na ndani ya kila moja mna vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kazi yao ni kutoa taka kwenye damu na kubakisha yanayofaa. Figo zikiugua, aghalabu haziumi mapema. Hutoa ishara ndogondogo, na nyingi kati yake zina saa zake. Mzazi akizijua saa hizo, huwahi.

Alfajiri: uso na mkojo wa kwanza

Ugonjwa wa mtoto wetu wa alfajiri madaktari huuita sindromu ya nefrotiki. Hushika zaidi watoto wa miaka miwili hadi sita. Vichujio hulegea, na protini ambayo ingebaki kwenye damu hutoka na mkojo. Protini hiyo ndiyo inayoyashikilia maji ndani ya mishipa. Ikipungua, maji huvuja na kutuama penye nyama laini. Mtoto akilala, hujaa kuzunguka macho. Akishinda amesimama na kucheza, hushuka miguuni. Ndiyo maana dawa ya matone huonekana kana kwamba imefanya kazi. Mkojo nao huwa na povu lisilokwisha upesi.

Kuujua ugonjwa huu huanza na kijikaratasi kinachochovywa kwenye mkojo na kubadilika rangi kwa dakika moja au mbili. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora kwa kupima protini. Dawa yake kubwa ni prednisoloni, na watoto wengi mkojo wao husafika ndani ya wiki nne. Hata hivyo ugonjwa huu hupenda kurudi, hasa mtoto akipata mafua. Tafadhali, usimwachishe dawa ghafla kwa kuona uso umerudi kawaida. Ratiba ya kuipunguza ni ya daktari.

Ishara ya pili ya asubuhi ni rangi. Mtoto akikojoa mkojo wa rangi ya strungi, kumbuka wiki chache zilizopita: je, alikuwa na vidonda vya ngozi au koo? Bakteria waitwao streptokoki huingia kwenye vidonda hivyo, na kinga ya mwili inapopigana nao huviumiza vichujio vya figo. Joto la Pwani, upele wa kuwasha na uhaba wa maji ya kuoga huwapa bakteria hao nafasi. Watoto wengi hupona kabisa, lakini presha inaweza kupanda kwa kasi. Mtoto mwenye mkojo huo akilalamika kichwa kinamuuma sana, au akipata degedege, afikishwe hospitali saa hiyohiyo.

Mchana: choo cha shule na maji ya silanga

Adhuhuri ishara ziko shuleni. Wizara ya Elimu ya Kenya imeweka kiwango cha choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30. Penye foleni ndefu, mlango usiofungika au mtungi mkavu, msichana hubana mkojo hadi kengele ya kwenda nyumbani. Mkojo uliokaa sana kibofuni huwapa bakteria muda wa kuzaana. Aghalabu huwa ni wale wa tumboni waitwao E. koli, na kwa msichana njia ya mkojo ni fupi, hivyo hawana safari ndefu kufika kibofuni. Atakojoa mara kwa mara, kidogokidogo, kwa kuungua. Maradhi yakipanda figoni huja homa, kutapika na maumivu ya ubavu.

Mtoto mchanga hawezi kusema anaungua. Kwake huenda dalili pekee ikawa homa isiyo na kikohozi wala mafua. Homa hiyo isiitwe malaria au meno kabla ya mkojo kupimwa. Ili kuupata, muuguzi humsafisha, kisha humpapasa chini ya kitovu kwa kitambaa safi chenye maji baridi. Baadhi hukojoa ndani ya dakika chache. Ukimpa antibiotiki ya kubahatisha kabla ya kipimo, bakteria wanaweza kujificha wasionekane na wakazidi kuwa sugu. Na mtoto anayeugua hivi mara kwa mara, au mvulana ambaye mkojo wake hutiririka kwa unyonge, apigwe picha ya figo na kibofu, maana huenda alizaliwa na kasoro kwenye njia ya mkojo.

Mchana pia ndio saa ya kichocho. Bahari ya Bamburi haina kichocho, kwa kuwa konokono wanaokibeba huishi kwenye maji baridi. Hatari iko kwenye silanga, vidimbwi na mito ya Kwale, Kilifi na Tana River, ambako watoto wengi wa Kiembeni huenda kwa nyanya wakati wa likizo. Vimelea hupenya ngozi mtoto akiogelea, na baadaye minyoo hutaga mayai kwenye ukuta wa kibofu. Damu hutokea mwishoni mwa kukojoa. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, basi mkojo wa kupima kichocho uchukuliwe saa hizo. Praziquanteli hukitibu, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri watoto watibiwe kuanzia miaka miwili. Kikiachwa miaka mingi kinaweza kuziba njia za mkojo, kuharibu figo na kuleta saratani ya kibofu.

Usiku: godoro lililolowa

Watoto wengi wadogo hukojoa kitandani na huacha wakikua. Fimbo haisaidii. Lakini aliyekuwa ameacha kwa miezi sita akaanza tena apimwe maradhi ya njia ya mkojo na kisukari. Na mwenye siko seli, ugonjwa ulioenea Pwani yetu, figo zake hushindwa kubana maji, hivyo hukojoa sana usiku. Usimnyime maji ili godoro likauke: upungufu wa maji unaweza kumwamshia maumivu makali.

Saa yoyote: mkojo ulionyamaza

Mtoto mchanga akipitisha saa nane bila kukojoa, au mkubwa saa kumi na mbili, ni dharura. Kuharisha na kutapika hukausha mwili hadi figo zikasimama. Mpe ORS, yaani chumvi za kurudisha maji mwilini, mapema, na usimpe ibuprofeni wala diklofenaki akiwa amekaukiwa. Dawa zenyewe zaweza kuwa sumu. Mwaka 2022 nchini Gambia, watoto wasiopungua 60 walikufa kwa figo kushindwa, na uchunguzi ukaelekea kwenye dawa za maji za kikohozi na mafua zilizochanganyika na kemikali ya diethileni glaikoli. Dawa isiyo na lebo kamili usiinunue.

Figo zikifa, mara nyingi hubaki mashine ya kusafisha damu. Kwa familia ya Kiembeni, maana yake ni kuvuka Daraja la Nyali hadi Hospitali ya Coast General, ile tunayoiita Makadara, mara mbili tatu kila wiki, mtoto akikosa shule na mzazi akikosa kibarua.

Basi kesho alfajiri, kabla uso haujaoshwa, mtazame mwanao machoni. Akikojoa, tazama rangi na povu. Ukiona usiloelewa, kinga mkojo kwenye kopo safi, andika saa uliyoukinga, na uufikishe zahanati kabla ya kupita kwa kemisti.