CHEO SI NGAO MBELE YA SHERIA

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wachumaji wengi wa chai huko Kericho walishambuliwa, wengine waliuawa. Je, wakubwa wa serikali waweza kushtakiwa kwa mambo ya namna hiyo mbele ya korti ya mataifa?

Waweza. Kenya iliikubali Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2005, na sheria yake haimwachilii mtu kwa sababu ya cheo. Mwaka 2013 Bwana William Ruto, Naibu wa Rais, alisimama mbele yake kwa habari za Uasin Gishu na Nandi, akakana mashtaka. Kesi ilifungwa tarehe 5 Aprili 2016, ushahidi ukiwa haukutosha.

Yafaa ijulikane ya kwamba korti hiyo huingia tu pale nchi yenyewe isipohukumu. Nayo, bila mashahidi kulindwa, haiwezi kitu.