Namba Sabini: Jinsi Wakadiriaji wa Marekani Wanavyotenga Sarafu Njema na Njema Zaidi

Sarafu mbili za fedha zimewekwa mezani mbele ya mnunuzi. Zilipigwa chapa katika kiwanda kimoja, mwaka mmoja, pengine hata siku moja. Uzito wake ni sawa, picha zake ni zile zile, na mtu asiyezoea hawezi kuzitenganisha. Hata hivyo ya kwanza yauzwa kwa dola mia chache, na ya pili kwa maelfu. Sababu imeandikwa kwenye karatasi ndogo ndani ya kasha la plastiki lililozibwa: herufi mbili na namba. Makala haya yanakusudia kueleza namba hiyo ilitoka wapi, inasema nini, na kwa nini wanaoitumia kila siku wameona haja ya kuiongezea alama nyingine.

Kipimo chenyewe kilianza mwaka wa 1949, pale William Sheldon, tabibu na mwanasaikolojia wa Marekani, alipochapisha kitabu Early American Cents kuhusu senti kubwa za shaba za nchi hiyo. Alichukua senti za mwaka wa 1794 kuwa kielelezo. Iliyochakaa hadi aina yake tu ndiyo inayotambulika aliipa 1. Iliyo kamilifu aliipa 70. Nia yake ilikuwa ya kibiashara: ikiwa senti ya daraja la 1 ina thamani ya dola moja, ile ya daraja la 70 iuzwe kwa dola 70. Soko liliuacha mlinganyo huo, lakini namba zilibaki, nazo zikaenezwa kwa sarafu za fedha, za dhahabu na za nikeli ambazo Sheldon hakuzikusudia. Ndiyo maana kipimo kinaishia 70 wala si 100. Ifahamike pia kwamba Sheldon alifariki mwaka wa 1977, na baadaye ikabainika kuwa alikuwa amebadilisha senti katika hazina ya American Numismatic Society huko New York, akichukua zilizo bora na kuacha duni mahali pake. Mtu aliyewafundisha wengine kutenga njema na mbaya aliutumia ujuzi huo huo kwa kuiba, na kwa miaka mingi hakuna aliyegundua.

Hadi katikati ya miaka ya 1980, daraja la sarafu lilitajwa na yule anayeiuza. Hapo ndipo palikuwa na ugonjwa: mfanyabiashara aliyeisifu sarafu alipoiuza aliikuta na kasoro nyingi ilipomrudia kwa kununuliwa. Mwaka wa 1986 kundi la wafanyabiashara, David Hall akiwa miongoni mwao, lilianzisha PCGS huko California. Mwaka uliofuata ikafuata NGC, iliyoanzishwa na John Albanese. Utaratibu wa ofisi hizo unafanana. Sarafu hupokewa na kupewa namba ya siri, ili mkadiriaji asijue mwenyewe ni nani. Wakadiriaji huitazama mmoja baada ya mwingine, kila mtu peke yake, katika chumba chenye giza kiasi na taa moja ya mezani, kisha mkadiriaji wa mwisho huamua. Kioo cha kukuzia kipo, lakini hutumika kidogo kuliko mtu wa nje anavyodhani. Kazi kubwa ni ya jicho tupu na ya kumbukumbu. Baadaye sarafu hufungwa katika kasha ambalo haliwezi kufunguliwa bila kuvunjwa, na ofisi hutoa dhamana juu ya neno lake.

Madaraja ya chini hayana ugomvi mwingi. Kuanzia 1 hadi 58 kinachopimwa hasa ni kuchakaa: maandishi yamefutika kwa kiasi gani, nywele za sanamu zimebaki ngapi, manyoya ya tai yanaonekana au la. Namba zenyewe hurukaruka: 4, 6, 8, 10, 12, 15, kisha 20 na kuendelea. Lakini kuanzia 60 hadi 70 kila namba hutumika, na hapo ndipo fedha nyingi zilipo. Namba hizo kumi na moja hutanguliwa na herufi MS, maana yake sarafu iko katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Mfasiri wa Kiswahili aangalie hapa. Akisema sarafu hiyo ni «mpya» atampotosha msomaji, kwa kuwa yaweza kuwa na umri wa miaka mia na arobaini. Akisema «isiyo na dosari» atampotosha zaidi. Kinachosemwa ni kwamba haikupita mikononi mwa watu kwa matumizi. Majeraha yaweza kuwa nayo tele.

Mfano mzuri ni dola ya fedha inayojulikana kwa jina la mchongaji wake, George Morgan, iliyopigwa chapa kuanzia 1878 hadi 1904, na tena mwaka wa 1921. Sarafu hiyo ina upana wa milimita 38 na uzito wa gramu 26.73. Nyingi hazikutumika kamwe: zilitiwa katika magunia ya sarafu elfu moja moja, zikakaa ghalani hadi Hazina ya Marekani ilipomaliza kuzitoa katika miaka ya 1960. Gunia la namna hiyo lina uzito unaokaribia kilo 27. Kila liliposukumwa au kutupwa sakafuni, kingo za sarafu moja ziliuma uso wa nyingine. Basi mkadiriaji hutafuta alama hizo, lakini hazihesabu kama mtu anavyohesabu maharagwe. Huangalia zilipo. Shavu la sanamu ya Uhuru ni pana, laini, tena lipo katikati: mkato mmoja hapo huonekana mara moja na waweza kuishusha sarafu kutoka 65 hadi 63, ilhali mikato mitatu ya ukubwa ule ule ikijificha ndani ya nywele haileti hasara kubwa.

Jambo la pili ni upigaji chapa wenyewe. Kiswahili kina bahati kuwa kitenzi kimoja, kupiga chapa, kinabeba sura ya kitendo: chuma kimepiga, alama imebaki. Pigo likiwa dhaifu, au vyuma viwili vikiwa vimeachana mno, madini hayajazi mashimo yote ya mchoro. Dola nyingi za kiwanda cha New Orleans zina nywele bapa juu ya sikio na kifua cha tai kisicho na manyoya, na mwanafunzi hudhani zimechakaa kwa kutumika. Sivyo, zilizaliwa hivyo. Kwa sarafu nyingine sehemu moja ndogo ya mchoro imepewa uzito wa pekee. Senti kumi zilizotolewa kati ya 1916 na 1945 zina upande mmoja picha ya fimbo zilizofungwa pamoja kwa mishipi. Mishipi ya katikati ikionekana imetengana kabisa, ofisi huongeza herufi mbili za kushuhudia hivyo. Mwaka wa 1945 kiwanda cha Philadelphia kilitoa zaidi ya milioni 159 za aina hiyo, nazo hazina thamani kubwa. Lakini zenye mishipi iliyotengana ni adimu mno, na bei yake haina uhusiano wowote na ile ya dada zake.

La tatu ni mng'aro, na hapa maelezo ya vitabu vingi ni mafupi kupita kiasi. Sarafu isiyotumika haing'ai kama kioo wala kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Madini yanapobanwa na chuma cha chapa hutiririka kuelekea ukingoni, yakiacha mistari midogo sana isiyoonekana moja moja. Sarafu ikigeuzwa polepole chini ya taa, mwanga huzunguka juu yake mfano wa njiti za gurudumu. Mistari hiyo ndiyo uhai wa sarafu. Mtu akiichovya katika dawa ya tindikali ili aondoe weusi, dawa hula pia tabaka jembamba la uso. Mara ya kwanza hasara haionekani sana, lakini kwa kurudia gurudumu hufifia, na sarafu hubaki nyeupe isiyo na nuru. Aliyeisugua kwa kitambaa ameharibu zaidi: ofisi zitakiri kuwa sarafu ni halali, zitataja kwamba imesafishwa, na namba hazitatoa.

Hubaki mvuto wa jicho, na hapo ndipo wakadiriaji wenyewe hutofautiana. Fedha iliyokaa miaka mingi karibu na karatasi au kitambaa chenye salfa hupata utando wa rangi: dhahabu, zambarau, buluu. Utando ulioumbwa na wakati waweza kupandisha bei mara nyingi. Ule ulioumbwa na mtu jikoni kwa kemikali huiangusha sarafu kabisa. Kwa shaba mambo yamewekewa mpaka ulio wazi zaidi. Yenye wekundu wake wa asili kwa asilimia 95 au zaidi huitwa nyekundu, iliyobakiwa na chini ya asilimia 5 huitwa kahawia, na zilizo kati hupata jina la rangi zote mbili. Msomaji wa Lubumbashi aliyewahi kushika faranga za Katanga za mwaka wa 1961, zenye msalaba wa shaba upande mmoja na ndizi upande wa pili, ataelewa bila kuelezwa jinsi wekundu huo unavyokimbia mkono wenye jasho.

Kutoka hapa yatokea jambo linalowasumbua wanaoanza. Sarafu ya 58 ni ile iliyoguswa kidogo tu na matumizi, pengine ilikaa mfukoni siku chache. Lakini yaweza kuwa na uso safi na mng'aro mzuri. Ile ya 60 haikutumika, ila imejaa majeraha ya gunia na haina nuru. Wengi wakiambiwa wachague kwa jicho huchukua ya 58. Kwa dola ya Morgan iliyopigwa San Francisco mwaka wa 1884 swali hili si la mapenzi tu. Mwaka huo ni wa kawaida kwa sarafu zilizotumika, lakini zisizotumika ni haba sana. Kivuli cha kuchakaa juu ya shavu, ambacho mkadiriaji mmoja atakiona na mwingine atakiita udhaifu wa pigo, huzidisha au kupunguza bei mara kadhaa.

Mwanaisimu atatambua kosa lililo ndani ya matumizi haya ya namba. Namba za Sheldon zinapanga, hazipimi. Zinasema hii yatangulia ile, kama watoto wanavyopangwa darasani, lakini hakuna kizio kinachofanya umbali wa 64 na 65 ulingane na ule wa 61 na 62. Aidha ndani ya daraja moja zimo sarafu zilizoingia kwa shida na nyingine zilizokosa kidogo tu kupanda. Soko liliona hivyo, nalo likaongeza maneno. NGC huweka nyota kwa sarafu yenye mvuto wa pekee. Mwaka wa 2010 ofisi zote mbili zilianza kutia alama ya kujumlisha kwa zile zilizo juu katika daraja lake. Albanese naye, mwaka wa 2007, alikwisha kuanzisha CAC, ofisi iliyokagua sarafu zilizokwisha kukadiriwa na wengine: iliyostahili namba yake barabara ilibandikwa kibandiko cha kijani juu ya kasha, na iliyostahili namba ya juu zaidi ilipata cha dhahabu. Zisizoridhisha zilirudishwa kwa mwenyewe bila kitu.

Kompyuta nayo ilijaribiwa. Mwaka wa 1990 PCGS ilionyesha mtambo ulioitwa The Expert, lakini haukuchukua nafasi ya macho ya watu. Kwa hiyo wapo wafanyabiashara ambao kazi yao ni kununua sarafu ya 64 inayoelekea kuwa 65, kuvunja kasha, na kuirudisha ofisini kana kwamba haijawahi kufika. Mara nyingine hupata 65. Mara nyingine 64 ile ile. Na mara nyingine hushushwa hadi 63, nao wakabaki na vipande vya plastiki mezani.