Mbao za Krismasi Kati ya Vuli na Kaskazi

Michoro mingi ya mapambo ya Krismasi ya mbao, kuanzia nyota za kusimamisha uani hadi mapango ya Noeli yenye hori, mamajusi na ngamia, ilitungwa na watu ambao Desemba yao ni ya barafu. Pambo lao hutolewa stoo wakati wa baridi kali, husimama nje wiki chache kuvu wakiwa wamelala, kisha hurudi ndani. Anayeunakili mchoro huo Moshi, Tanga au Mombasa hulisimamisha pambo mwishoni mwa vuli, ardhi ikiwa imelowa na mchwa wakiwa kazini, na wiki chache baadaye jua la Januari hulikausha. Mbeya na Songea hali ni tofauti tena, kwa sababu huko Krismasi huangukia katikati ya masika yao marefu. Vipimo vya mchoro vinaweza kuwa sahihi kabisa na bado nyota ikapasuka, ngamia akapinda, na miguu ya hori ikaoza kabla ya Krismasi ya pili.

Kinachoamua ni maji, yanavyoingia kwenye ubao na yanavyotoka. Mtu akishalielewa hilo, akiwa na msumeno, nyundo na uvumilivu kidogo, anaweza kujenga pango ambalo wajukuu zake watalipaka rangi upya.

Tuanze ndani ya ubao wenyewe. Hata mti ukiwa hai, sehemu kubwa ya mbao yake imekwisha kufa. Seli zimeacha kuta zake tu, vijirija vyembamba kuliko unywele vilivyopangwa kufuata urefu wa shina, mithili ya mirija ya soda iliyofungwa pamoja kwa uzi. Katika paini, kila kijirija huwa na urefu wa milimita 3 hadi 5. Kuta hizo zimejengwa kwa nyuzi za selulosi na hemiselulosi, zikashikamanishwa na lignini. Maji hukaa sehemu mbili: ndani ya uwazi wa kijirija, na ndani ya ukuta wenyewe, yakiwa yameng'ang'ania selulosi.

Ubao mbichi ukianza kukauka, maji ya kwenye uwazi ndiyo hutoka kwanza. Ubao hupungua uzito, lakini upana wake haubadiliki. Unyevu ukifika karibu asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, uwazi umebaki mtupu na kuta bado zimejaa. Kuanzia hapo kila tone linalotoka linazisogeza nyuzi karibu zaidi, na ubao unaanza kunywea. Haunywei sawasawa. Kwa urefu hunywea kidogo mno, kiasi ambacho seremala halazimiki kukihesabu. Kwa upana, ukifuata mzunguko wa pete za mti, hunywea karibu mara mbili ya unavyonywea kutoka kwenye moyo wa shina kuelekea gomeni. Tofauti hiyo ndiyo inayopinda mbao. Tazama kichwa cha ubao: pete zinapoonekana kama upinde, ubao utapinda upande wa kuzinyoosha. Ukijua hivyo, unajua mapema ngamia wako atainamia wapi.

Kukauka nako kuna mwisho. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kama ile ya siku za mvua, huuacha ubao kwenye unyevu wa takriban asilimia 16; hewa ya asilimia 50 huushusha hadi asilimia 9 hivi. Ubao haukauki siku moja ukabaki hivyo milele. Hupokea na kutoa maji maisha yake yote, hata ule wa kabati ya bibi. Kwa hiyo anayejenga katikati ya Desemba anajenga wakati ambao mbao zake ni pana kuliko zitakavyokuwa Februari.

Fanya hesabu ya ubao wa paini wenye upana wa milimita 200, uliokatwa kwa namna ambayo pete zimelala. Ukitoka kwenye unyevu wa asilimia 20 hadi 12, utanywea karibu milimita 4. Sasa chukua nyota iliyoundwa kwa mbao mbili za namna hiyo, zikapishanishwa na kupigiliwa misumari minne kwenye kona za makutano. Ubao wa juu unataka kupungua upana, lakini misumari imeufunga kwenye urefu wa ubao wa chini, ambao haupungui. Mmoja lazima ukubali kushindwa, na kwa kawaida ni ule wa juu, unaopasuka. Watu hulaumu msumari au seremala. Ufa ule ulikuwa umeshaamuliwa siku mbao zilipochaguliwa.

Tiba ni rahisi: jenga kwa vipande vyembamba. Kipande cha milimita 50 kitanywea milimita moja tu au chini yake, na msumari unaweza kuvumilia mwendo huo kwa kupinda kidogo. Umbo pana, kama ukuta wa pango au mwili wa ngamia, lipangwe kwa vipande vingi vyenye nafasi ndogo katikati, kila kipande kikishikwa kwa skrubu moja tu kwenye kila mkanda wa nyuma. Palipo lazima pawe na skrubu mbili, moja ikazwe, na tundu la pili lirefushwe kufuata upana ili ubao upate njia ya kusogea. Na pale msumari unapoingia karibu na ncha, toboa kwanza, au gonga ncha ya msumari iwe butu. Ncha kali hutenganisha nyuzi na kuufungua ubao. Ncha butu huzikata na kuziponda njiani.

Kuhusu ukavu wa mbao usitegemee neno la muuzaji peke yake. Mbao za paini, zikiwemo za shamba kubwa la miti la Sao Hill kule Mufindi, zinaweza kufika sokoni zikiwa bado nzito kwa maji. Zipange kwenye baraza, juu ya vipande vidogo vinavyopitisha hewa kati ya ubao na ubao, kisha chagua kipande kimoja kifupi cha ubao na ukipime kwenye mizani ya jikoni kila baada ya siku kadhaa, saa ileile. Andika uzito daftarini. Ukiona umeacha kushuka, mbao zimepatana na hewa ya nyumbani kwako. Anayetaka tarakimu kamili akikaushe kipande hicho kwenye oveni yenye nyuzi 103 hadi uzito usibadilike tena. Kikitoka gramu 130 hadi gramu 100, kilikuwa na unyevu wa asilimia 30. Hili ni jaribio zuri sana la kufanya na watoto, kwa sababu wanayaona kwa macho maji yaliyokuwa yamejificha kwenye kitu wanachodhani ni kikavu.

Kuoza ni habari nyingine. Ubao hauozeshwi na maji; huliwa na kuvu, nao kuvu wanahitaji maji, hewa na joto. Ubao ukibaki chini ya unyevu wa asilimia 20, kuvu hawa hawana nafasi. Mwaka 1971 Theodore Scheffer, mtafiti wa mbao wa Marekani, alichapisha kanuni ya kukadiria hatari ya kuoza kwa mbao zilizo nje bila kugusa udongo. Chukua wastani wa joto la mwezi katika nyuzi za Selsiasi, toa 2. Chukua idadi ya siku za mvua, toa 3. Zidisha, kisha gawanya kwa 16.7. Ukijumlisha miezi 12 unapata alama ya mahali: chini ya 35 hatari ni ndogo, na ikipita 65 hivi hatari ni kubwa.

Uzuri wa kanuni hii ni kwamba joto linazidisha mvua. Mwezi wenye nyuzi 4 na siku 15 za mvua, kama Desemba ya miji mingi ya Ulaya, unatoa alama 1.4. Mwezi wenye nyuzi 28 na siku 9 tu za mvua unatoa 9.3. Siku za mvua ni chache zaidi, lakini hatari ni zaidi ya mara sita. Ndiyo maana ushauri unaotosha kule hautoshi Tanga.

Mlango mkuu wa maji ni kichwa cha ubao, pale msumeno ulipokata mirija na kuiacha wazi. Upande mpana hunywa polepole. Kichwa hunywa kwa kasi kubwa mara nyingi zaidi. Nyota ina ncha, mamajusi wana miguu, na vyote hivyo ni vichwa vya mbao. Nashangaa kuona jinsi wapakaji wanavyotumia saa nzima kwenye uso wa malaika na kuziacha nyayo zake bila hata tone la rangi. Anza na nyayo. Zipake praima mara mbili au tatu kabla ya kuunganisha chochote, kila mara ukiacha mirija inywe na kukauka. Ncha za juu zikate kwa mshazari ili maji yateleze. Kisha simamisha kila kitu juu ya tofali au jiwe, kamwe si juu ya udongo mtupu. Nafasi hiyo pia humfanya mchwa ajenge njia yake ya udongo hadharani, mahali unapoweza kuiona na kuivunja.

Jua nalo lina kazi yake. Miale ya urujuanimno huvunja lignini iliyo juu ya uso wa ubao. Mvua huosha mabaki, na zinabaki nyuzi za selulosi zenye rangi ya majivu. Kwa unene hasara hii ni ndogo. Kwa mbao laini za nchi za baridi, makadirio ya Forest Products Laboratory, maabara ya serikali ya Marekani iliyoanzishwa Madison mwaka 1910, ni kama milimita 6 kwa miaka 100. Tatizo ni rangi. Rangi iliyopakwa juu ya ubao uliokaa juani wiki chache hushika vibaya, kwa sababu imeshika tabaka la nyuzi zilizokwisha legea. Piga randa au msasa, kisha paka praima mapema iwezekanavyo.

Hapa lazima niseme kuhusu vanishi. Mafundi wetu wanaipenda, na ndani ya nyumba inastahili kupendwa. Nje, vanishi angavu ni chaguo baya. Mwanga unapita ndani yake na kufika kwenye ubao, lignini inavunjika chini kwa chini, na vanishi iliyo nzima kabisa inabanduka kwa sababu kilichoishikilia kimekufa. Rangi nzito haina shida hiyo, kwa kuwa chembe za rangi huuzuia mwanga usifike. Ya maji, aina ya akriliki, hunyumbulika ubao unapopanuka na kunywea. Ya mafuta huzidi kuwa ngumu miaka inavyokwenda, mwishowe ikapasuka. Kwa pambo la nje ningechagua akriliki kila mara, na kwa paini ningependelea rangi nyeupe au nyepesi, maana rangi nyeusi juani hupata joto linaloyeyusha utomvu wa vifundo.

Plaiwudi inaondoa sehemu kubwa ya tatizo la kunywea, kwa sababu kila tabaka limelazwa kukatiza nyuzi za jirani yake, na urefu wa moja unauzuia upana wa jingine. Lakini plaiwudi ni imara kwa kadiri gundi yake ilivyo imara. Zile zilizoonyeshwa kwenye maonyesho ya Portland, Oregon, mwaka 1905 zilikuwa na gundi isiyostahimili maji. Ilibidi kusubiri hadi 1934, mkemia James Nevin alipotengeneza gundi isiyoyaogopa maji katika kiwanda kimoja cha Aberdeen, jimbo la Washington. Hadi leo madukani kuna aina zote mbili, na kwa macho zinafanana. Gundi ya yurea, ya bei rahisi, huvunjwa na maji na joto. Ya fenoli, ambayo kwa kawaida huonekana kama mistari myeusi pembeni, huvumilia. Omba kipande kidogo, kichemshe kwenye debe kuukuu saa kadhaa. Kikifunguka, plaiwudi hiyo ni ya ndani. Gundi nyeupe ya seremala nayo hulainika ikilowa, kwa hiyo viungo vya nje visiitegemee peke yake.

Wapo watakaosema wanunue mvule au mninga wasihangaike. Ni kweli kwamba moyo wa mvule una kemikali ambazo mchwa na kuvu hawazipendi, ingawa ile sehemu nyeupe ya nje haina kinga hiyo hata kwa mti ulio bora. Lakini mti uliochukua miongo mingi kukua usikatwe kwa ajili ya nyota ya mwezi mmoja. Paini au mgrivea wa mpakani mwa shamba vinatosha, vikilindwa. Chumvi za boroni, yaani boraksi na asidi ya boriki, huzama ndani ya ubao wenye unyevu na kuwaua kuvu na wadudu. Mvua huziosha, lakini chini ya rangi, kwenye pambo linaloingizwa ndani baada ya Epifania tarehe 6 Januari, zinafanya kazi ipasavyo. Pambo lenyewe liwekwe darini au stoo yenye hewa, bila kufungwa kwa nailoni, maana nailoni huyafungia maji ndani.

Mbao zenye rangi ya kijani kibichi zilizotiwa dawa kiwandani ni jambo la kuangaliwa kwa makini. Nyingi zina shaba, kromiamu na aseniki, mchanganyiko uliobuniwa na Sonti Kamesan huko Dehra Dun, India, mwaka 1933. Shaba huzuia kuvu, aseniki huua wadudu, kromiamu huvifunga vyote kwenye ubao. Kwa nguzo ya umeme ni kinga bora. Marekani iliacha kuitumia kwa mbao za makazi mwishoni mwa 2003, na hori ambalo watoto watalishika, wakalilalia na kuweka midomo si mahali pake. Ukiwa na mbao hizo nyumbani, zitumie kwa vigingi. Vipande vilivyobaki visiingie jikoni: moto hauiangamizi aseniki, sehemu hupanda na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu, yaleyale ambayo nyumba nyingi husugulia masufuria na kumwagia mboga bustanini.