Injini Isiyo na Pistoni: Kuifungua na Kuifunga Nyumbani

Katika mitaa yetu mingi ya pwani hakosekani kijana ajuaye kuifungua injini ya Toyota na kuifunga tena ikawaka. Amejifunza kwa kutazama, na kwa kuwashikia mafundi tochi usiku, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini kijana huyo akiletewa gari la spoti aina ya Mazda RX-8 lililopungukiwa na nguvu, akaanza kutafuta valvu na pistoni alizozizoea, hatazipata, kwa kuwa hazimo kabisa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kijana wa jirani yetu mmoja. Alikuja barazani mikono imejaa grisi, akatwambia, "Maalim, injini hii haina pistoni hata moja!" Gari hilo alikuwa amelinunua kwa mkono wa pili kwa fedha alizokuwa akijiwekea kwa ajili ya harusi yake, na baba yake hakuwa radhi na ununuzi huo tangu mwanzo. Mwaka haujatimia likawa haliwaki likiwa na moto, na gereji moja ikataka ujira uliokaribia bei ya gari lenyewe. Basi kijana akaazimia kuitengeneza uani kwao, na mzee wake akatutaka tukae nao tulitazame jambo hilo. Sisi si mafundi. Tumesoma chuo na shule ya msingi basi; lakini kitabu cha ufundi kikisomwa polepole hufahamika, na haya tunayoyaeleza ndiyo tuliyoyafahamu na kuyaona kwa macho.

Injini hii asili yake ni fikira ya Mjerumani aitwaye Felix Wankel, aliyezaliwa mwaka 1902. Ya kwanza iliunguruma katika kampuni ya NSU mwaka 1957. Wajapani wa Hiroshima, ambao kampuni yao wakati ule iliitwa Toyo Kogyo na sasa yaitwa Mazda, wakapata ruhusa ya kuiunda mwaka 1961. Taabu waliyoipata ni kwamba kuta za ndani zilichanjwa mistari mistari, na wahandisi waliokuwa chini ya Kenichi Yamamoto wakaipa mistari hiyo jina la kucha za shetani. Walihangaika nayo miaka kadhaa hata wakatoa gari la Cosmo Sport mwaka 1967. NSU nao walitoa gari lao, Ro 80, mwaka huo huo, lakini sili zake zilikwisha mapema, kampuni ikatumbukia katika hasara, na mwaka 1969 ikaingizwa chini ya Volkswagen. Mazda wakaendelea: RX-7 toka 1978 hata 2002, ushindi wa mashindano ya Le Mans mwaka 1991, kisha RX-8 toka 2003 hata 2012.

Namna inavyofanya kazi ni hivi. Badala ya pistoni ipandayo na kushuka, kuna pande la chuma la pembe tatu, mbavu zake zimetuna kidogo, nalo laitwa rota. Rota huzunguka ndani ya nyumba yenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Ncha zake tatu hazitoki ukutani wakati wowote, na kati ya kila ubavu na ukuta hupatikana chumba kinachokua na kupungua: hapo petroli na hewa huvutwa, hushindiliwa, huwashwa na kutolewa moshi. Rota ikizunguka mara moja, shafti imekwisha zunguka mara tatu. RX-8 ina rota mbili, kila moja ya ujazo wa sentimita za ujazo 654.

Siri yote imo katika zile ncha. Kila ncha ina sili ya chuma, unene wake milimita 2, iliyokaa juu ya springi na kusugua ukuta kila dakika injini inapokwenda. Ili sili isiungue, injini yenyewe hujidondoshea oili kidogo ndani ya chumba na kuiunguza pamoja na petroli. Kwa hiyo oili kupungua katika gari hili si ugonjwa, ndivyo lilivyoumbwa. Mwenye gari asiyelijua hilo, akangoja taa nyekundu imwambie, huwa amekwisha ila sili zake. Tena wauzaji wengi hawasemi. Mazda wenyewe, mwaka 2008, waliongeza dhamana ya injini ya RX-8 huko Marekani hata ikafika miaka 8 au maili 100,000, na kampuni haifanyi hivyo kwa jambo lisiloisumbua.

Kabla ya kushika spana yapasa kupima. Koili na plagi zikichoka, gari hukosa nguvu vile vile, na betri dhaifu huifanya stata izunguke pole pole hata injini nzima ikaonekana mbovu. Vitu hivi na vibadilishwe kwanza. Kisha toa plagi moja, zuia petroli isije, mtu apige stata, nawe usikilize kwa makini. Rota nzima hupumua mara tatu kwa mlio ulio sawa. Pumzi mbili zikiwa dhaifu na ya tatu kuwa na nguvu, jua kwamba sili ya ncha moja imevunjika au imekwama, maana ncha moja ni mpaka wa vyumba viwili. Kwa gari la kijana wetu rota ya nyuma ilipumua hivyo hasa. Nasi tukapata jibu bila ya kulipa senti.

Tulimshauri asinunue kifaa hata kimoja mpaka injini imefunguka. Sababu yake ni hii: sili, springi na mipira ya kuzuia maji hununuliwa na kubadilishwa uani, lakini ukuta wa nyumba ya rota umepakwa kromu, na kromu ikibanduka hapana fundi wa nyumbani awezaye kuirudisha. Ni kununua nyumba nyingine. Basi mtu na ajiwekee kikomo cha fedha kabla ya kufungua, na akiseme mbele ya watu wa nyumbani kwake.

Kuiteremsha injini ndiko kwenye hatari. Wapo watu wanaofunga mnyororo katika tawi la mwembe, nasi jambo hilo tumelikataza kwa ukali. Akodi winchi yenye miguu. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Na akina mama tunawaomba wasikie hili: maji ya rejeta yaliyotiwa dawa yana utamu, nayo ni sumu. Mtoto, paka au mbuzi akiyanywa aweza kufa. Yakingwe ndani ya debe lenye kifuniko, yasimwagwe uani wala karibu na kisima, na oili chafu vivyo hivyo.

Injini ikiwa nje, nati kubwa ya nyuma ya milimita 54 ndiyo iliyowashinda vijana watatu mchana kutwa, mpaka walipotia bomba refu katika mpini wa spana. Baada ya hapo zatolewa boliti ndefu, na injini hufunguka pande kwa pande mfano wa mkate wa kukatwa. Kila sili iwekwe katika boksi na kuandikwa rota yake na upande wake. Kwa rota mbili kuna sili za ncha 6, za ubavuni 12 na za pembeni 12, kila moja na springi yake, na mchanganyiko mmoja waweza kuharibu kazi ya wiki. Masizi yametolewa kwa subira ya siku nne, kwa dawa na mti, si kwa brashi ya chuma. Nyumba ya rota ya nyuma ilikuwa imebanduka kromu. Kijana alinyamaza kitambo. Kikomo chake kiliruhusu nyumba moja iliyotumika, akaiagiza, na harusi ikasogezwa mbele kwa makubaliano ya wazee wa pande zote mbili.

Kufunga kwataka mkono mwepesi. Sili mpya za ubavuni hupunguzwa kwa tupa ndogo, mara moja moja, na kupimwa kwa vibapa vya chuma kila mara, kwa sababu kilichokatwa hakirudi. Vaselini ile ile ya dukani ndiyo ishikayo sili na mipira isianguke wakati pande moja lashushwa juu ya jingine. Kisha kuna beringi bapa ya sindano iliyo upande wa mbele wa shafti. Injini na isimame wima, uso wa mbele ukitazama juu, mpaka boliti ya mbele imekazwa. La sivyo beringi huchopoka na kubanwa, na mwenyewe asijue. Mchezo wa shafti mbele na nyuma uwe kati ya milimita 0.04 na 0.07, yaani chini ya unene wa karatasi ya daftari, nao hupimwa kwa saa maalumu ambayo ni afadhali kuazima kuliko kukisia.

Siku ya kuwasha, stata ilipigwa kwanza bila plagi mpaka oili ikapanda. Kisha plagi zikarudishwa, ikawaka mara ya tatu, na moshi mweupe ukajaa uani hata majirani wakatoka kutazama. Ulikuwa moshi wa vaselini, nao ulikwisha baada ya muda mfupi. Kijana aliambiwa asilikimbize gari kwa kilomita 1,000 za mwanzo, abadilishe oili zikitimia, apime tena zile pumzi tatu, na kila akitia petroli achomoe kijiti cha oili akitazame. Mzee wake ndiye amkumbushaye.