Wageni wa Pwani: Asubuhi Moja Katika Hori la Mida

Wasomaji wengi wakisikia kwamba watu wazima wameamka usiku kwenda kutazama ndege, hucheka. Mimi pia nilicheka. Mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alipotangaza kwamba wanafunzi kumi watakwenda pwani ya Kenya mwanzoni mwa Septemba, nilijiandikisha kwa ajili ya bahari tu, maana nilikuwa sijaiona. Ndege niliwahesabu kuwa ndio nauli ya kuiona bahari.

Hori la Mida liko kusini ya Watamu, si mbali na magofu ya mji wa kale wa Gede. Hapo bahari huingia nchi kavu kwa mlango mwembamba, kisha hupanuka ikawa kama ziwa lililozungukwa na mikoko. Eneo lake lapata kilomita 32 za mraba, nalo limo katika hifadhi ya bahari ya Watamu iliyowekwa mwaka 1968. Maji yakipwa, hubaki uwanda mpana wa tope na mchanga uliojaa kaa, kome na minyoo.

Kiongozi wetu alikuwa mzee mmoja Mgiriama. Tulipomwamkia jioni ya kwanza, hakutuuliza habari za ndege hata kidogo. Alituuliza mwezi una siku ngapi. Hakuna aliyejua. Akacheka, akatueleza jambo ambalo sisi watu wa ziwani hatungaliweza kulibahatisha. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mpevu au mwandamo, maji katika pwani ile hujaa kama saa kumi alfajiri, na kufika saa nne asubuhi yamekwisha toka kabisa. Basi mtu akienda kunapopambazuka, maji yanamkimbia, na ndege wanayafuata mbali, asione ila madoa. Lakini wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: alfajiri maji yako chini, na jua likipanda nayo hupanda. Hapo ndege husukumwa polepole kuelekea ufuoni, mpaka mtu akaweza kuhesabu vidole vyao. Tulingoja siku tatu kwa sababu hiyo.

Siku ilipofika tuliondoka saa kumi na moja unusu. Giza lilikuwa bado, na upepo wa kusi ulikuwa ukituletea harufu ya tope la mikoko, ambayo mwanzoni haipendezi. Tulipita daraja la mbao lililo juu ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kuchungulia, tukakaa kimya. Kwanza tulisikia sauti tu: sululu akipiga filimbi yake ya haraka haraka, na wengine wengi nisiowajua. Kisha kukapambazuka, na lile nililodhani ni mawe likaanza kutembea.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Mwenzangu mmoja na mimi tulivua viatu, tukashuka topeni ili tuwaone karibu zaidi. Hatukufika hatua ishirini. Kundi zima, labda ndege mia mbili, liliruka kwa pamoja, likageuka jeupe, likageuka jeusi, likaenda kutua ng'ambo. Nilifurahi sana, nikaona ni tamasha. Mzee hakupaza sauti. Aliniambia, "Mwanangu, umewanyang'anya chakula kinywani." Niliona haya, lakini sikuelewa maana yake mpaka alipotueleza tulipokuwa tukirudi, na mwalimu akaongeza yake.

Maelezo yenyewe ni haya. Miongoni mwa waliokimbia walikuwamo vitwitwi wa namna moja wenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini. Baadhi yao walikuwa bado na mabaka mekundu kifuani kama rangi ya tofali, mabaki ya vazi lao la kuoania. Ndege huyu ana uzito wa gramu 60 hivi, kama yai la kuku. Huzaa katika Siberia ya kaskazini, mahali kama rasi ya Taimyr, na kutoka kule hata Mida ni zaidi ya kilomita 9,000. Kabla ya kuondoka hula mno, akajiwekea mafuta chini ya ngozi, na mafuta hayo ndiyo petroli yake. Akifika kwetu amekonda. Maji yakijaa hana pa kulia, basi saa zake za kula ni zile za maji kupwa tu. Kila mara anaporushwa bure, anachoma mafuta na kupoteza dakika pia. Asiyenenepa hapa hatarudi kule mwezi wa nne na wa tano.

Jambo lililonistaajabisha zaidi ni utaratibu wa safari yao. Madume huondoka kwanza, hata kabla mayai hayajaanguliwa. Majike hufuata makinda yakisha kupata nguvu. Makinda huja mwisho, peke yao, katika njia ambayo hawajaipita kamwe wala hakuna wa kuwaonyesha. Huongozwa na jua, nyota na nguvu ya sumaku ya dunia, na mwelekeo wenyewe wamezaliwa nao. Tena idadi ya makinda hutegemea panya! Huko Siberia wako panya wadogo waitwao lemingi. Mwaka ambao lemingi ni wengi, mbweha hushiba kwa hao na huwaacha makinda. Mwaka ambao lemingi ni haba, mbweha huwageukia ndege. Kwa hiyo mtu aliyeketi Mida, akihesabu makinda wa mwaka huu, anaweza kukisia habari za panya wa Siberia.

Kinyume cha hao ni yule ndege mla kaa, mkubwa, mweupe na mweusi, mwenye miguu mirefu na mdomo mnene kama kisu cha mchinjaji. Huyu hatoki Siberia. Huzaa katika pwani na visiwa vya Bahari ya Shamu, Omani na Ghuba, yaani kule kule yalikotoka majahazi. Majahazi yalingoja upepo wa kaskazi wa Desemba, lakini ndege huyu huanza kufika tangu Agosti, kusi ikivuma bado. Huchimba shimo mchangani, akataga yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Tena hamwachi mtoto wake. Tuliona kinda mmoja, mkubwa karibu sawa na mzazi, akimfuata nyuma na kulia mpaka akapewa kaa. Mwenzangu alisema anamjua mtu wa namna hiyo katika bweni letu, lakini sitamtaja.

Wazungu wa kale hawakujua ndege wao huenda wapi. Wengine waliamini kwamba mbayuwayu hulala chini ya maji wakati wa baridi. Mwaka 1822, katika nchi ya Ujerumani, karibu na Klütz, aliuawa korongo mweupe ambaye shingoni mwake mlikuwa na mkuki wa Kiafrika. Alikuwa ameruka na mkuki ule mpaka kwao. Korongo huyo yupo hata leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Siku hizi ndege huvishwa pete, au hubebeshwa chombo kidogo cha setilaiti. Mwaka 2022 ndege mmoja wa pwani, aliyezaliwa mwaka uo huo, aliruka kutoka Alaska hata Tasmania, kilomita 13,560, kwa siku kumi na moja bila kutua.

Lakini mahali pa kutua panapungua. Katika Asia ya mashariki, tope nyingi za pwani zimefukiwa ili kujengwa viwanda na bandari. Mwaka 2024 yule kitwitwi wa mdomo uliopinda aliongezewa daraja ya hatari katika Orodha Nyekundu ya IUCN. Na jamaa mmoja wa sululu, mwenye mdomo mwembamba, alionekana kwa yakini mara ya mwisho nchini Moroko mwaka 1995. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba ametoweka duniani. Niliposikia hayo nilikumbuka lile kundi nililolirusha.

Tuliondoka saa tatu, maji yakiwa yamefika kwenye mizizi ya mikoko. Daftari langu lina aina kumi na saba, ingawa mzee alizifuta mbili kwa kalamu yake.

Hapa kwetu pia wageni wanakuja. Katika Ghuba ya Lutembe, kati ya Kampala na Entebbe, buabua wenye mabawa meupe hukusanyika kwa wingi usiohesabika. Mwalimu amekubali tuende Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Wanaotaka waje langoni saa kumi na moja alfajiri, wakiwa wamevaa nguo zisizo nyeupe. Darubini tunazo mbili tu kwa watu kumi, na moja ina kioo kilichopasuka. Mzee wa shule yeyote aliye na ya zamani nyumbani tunamwomba atukumbuke.